Hesabu zikimshinda mwanao, mpime mapema

Je, mwanao huumwa na tumbo kila Jumatatu asubuhi, kisha akapona mara tu shule zinapofungwa? Je, kichwa humgonga siku za mtihani, na daftari la hesabu "hupotea" mara mbili au tatu kila muhula? Ukijibu ndiyo, usikimbilie duka la dawa. Keti naye kwanza, mlifungue daftari hilo pamoja.

Msomaji mpenzi, huenda ukashangaa daktari anaingiaje katika kazi ya walimu. Sababu ni kwamba watoto hawa huletwa kwangu. Hapa mjini Kakamega, mtoto akilalamika tumbo hupelekwa kupimwa malaria. Isipoonekana, hupimwa taifodi. Kipimo cha damu kinachotumiwa sana kutafuta taifodi hupotosha mara nyingi, na mtoto huishia kumeza dawa za kuua viini ambazo hakuzihitaji. Jumatatu inayofuata tumbo huuma tena.

Maumivu hayo si ya kubuni. Mtu anapoogopa, mwili hutoa homoni zinazouharakisha moyo na kulivuruga tumbo. Mtoto wa miaka 8 hana maneno ya kusema, "Baba, naogopa kuitwa ubaoni." Anachojua kusema ni kwamba tumbo linauma, na kweli linauma.

Ninalotaka ulishike leo ni hili. Mtoto aliyeanza kuachwa nyuma katika hesabu husaidika kwa urahisi zaidi akiwa kati ya miaka 5 na 9. Msaada wenyewe una sehemu mbili: kuondoa kinachomzuia mwilini, na kumfundisha kuanzia pale alipoachwa. Wazazi wengi hufanya moja tu, kisha wanashangaa hawaoni matunda.

KWA NINI MAPEMA?

Hesabu hujengwa kwa tabaka. Asiyeelewa kwamba 34 ni makumi matatu na vinne hawezi kutoa kwa kukopa. Asiyeweza kutoa hataweza kugawanya, na asiyeweza kugawanya atakapofika kwenye sehemu na asilimia ataona giza tupu. Katika somo la historia, mtoto aliyekosa mada moja anaweza kuelewa inayofuata. Katika hesabu, pengo la gredi ya 2 humfuata hadi sekondari.

Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Greg Duncan walichapisha uchambuzi wa takwimu za makundi sita ya watoto wa Marekani, Uingereza na Kanada. Waligundua kwamba ujuzi wa hesabu ambao mtoto huingia nao shuleni ulibashiri vizuri kuliko mambo mengine yote waliyoyapima jinsi atakavyofanya masomoni miaka ya baadaye.

Kwetu Kenya, shirika la Uwezo lilianza kuwapima watoto nyumba kwa nyumba, na taarifa zake za miaka ya mwanzo ya 2010 zilionyesha kwamba takriban watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la 3 waliweza kufanya kazi ya darasa la 2. Kwa hivyo, mzazi, ikiwa mwanao anatatizika, hayuko peke yake, na wala si mjinga.

Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na wazazi wengine walidhani kwamba mtaala mpya utawaondolea watoto mzigo wa hesabu. Sivyo. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kwamba kila mwanafunzi wa sekondari ya juu atasoma hesabu, iwe ile kamili kwa wanaofuata sayansi na ufundi, au ile ya msingi kwa wengine.

Tena, hesabu ni afya. Chukua dawa ya malaria tunayowapa watoto kila siku, ile ya artemether na lumefantrine. Mtoto wa kilo 20 humeza vidonge 2 kwa wakati mmoja, na hufanya hivyo mara 6 kwa siku tatu. Kipimo cha pili humezwa saa 8 baada ya cha kwanza, kisha asubuhi na jioni. Akimeza cha kwanza saa 10 jioni, cha pili ni saa 6 usiku. Mama au baba asiyeweza kupiga hesabu hiyo yumo hatarini kumpunja mtoto dawa au kumzidishia. Mzazi huyo wa kesho ndiye mtoto anayelia leo juu ya daftari.

ANZA NA MWILI

Kabla hujamwita mtoto mvivu, hakikisha anaona, anasikia, ana damu ya kutosha na analala.

Macho: Mtoto asiyeona mbali hunakili 3 ikawa 8, na 6 ikawa 0. Anaweza kupiga hesabu sawasawa lakini ya swali ambalo halikuwa ubaoni. Mwangalie kama hukunja macho, huinama juu ya kitabu au huketi karibu mno na televisheni. Katika kaunti jirani ya Trans Nzoia, daktari wa macho Hillary Rono na wenzake waliwafunza walimu wa shule za msingi kupima macho kwa kutumia simu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba pale wazazi walipoonyeshwa kwa picha jinsi mtoto wao anavyoona na kukumbushwa kwa ujumbe wa simu, watoto 54 kati ya 100 walipelekwa hospitalini, ikilinganishwa na 22 kati ya 100 waliopewa barua tu. Kumbe wazazi hawakuwa wakaidi. Hawakuwa wameona tatizo.

Masikio: Usaha unaotoka sikioni kwa wiki kadhaa si jambo la kawaida la utotoni. Hupunguza usikivu. Mtoto anayefundishwa kwa Kiingereza anaweza kusikia "thirty" mwalimu akisema "thirteen". Simama nyuma yake umbali wa mkono mmoja, aliziba sikio moja, umnong'oneze tarakimu tatu azirudie. Badilisha sikio. Akishindwa mara kwa mara, mlete apimwe.

Damu: Mtoto mwenye upungufu wa damu huchoka na akili yake haitulii. Tazama viganja vyake kama vimefifia. Malaria ya mara kwa mara, minyoo na chakula chenye madini haba ya chuma ndivyo visababishi vya kawaida katika sehemu hizi zetu. Mpe maharagwe, omena, nyama au maini inapowezekana, pamoja na mboga kama kunde na terere. Chai isiandamane na chakula, kwa kuwa huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Usimnunulie dawa za damu kabla ya kupimwa, kwani baadhi ya watoto wa Magharibi wana ugonjwa wa selimundu, nao huhitaji matibabu ya aina nyingine.

Ubongo: Mtoto anayeduwaa ghafla kwa sekunde kadhaa, asisikie akiitwa, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, huenda ana aina ya kifafa isiyo na mtetemeko. Walimu humwita mwota ndoto za mchana. Vilevile, mwambie daktari ikiwa mwanao aliwahi kupoteza fahamu kwa malaria. Utafiti uliofanywa Kampala na kuchapishwa mwaka 2008 uligundua kwamba takriban mtoto mmoja kati ya wanne walionusurika malaria ya ubongo alikuwa bado na matatizo ya kufikiri na kukumbuka miaka miwili baadaye.

Usingizi: Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Anayeamshwa saa 10 alfajiri kungojea basi la shule, na aliyelala saa 4 usiku akimaliza kazi ya ziada, amelala saa 6 tu. Hata mtu mzima hatafanya hesabu vyema hivyo.

LAKINI DAWA HAIFUNDISHI HESABU

Hapa ndipo ninapowaomba wazazi wasitegemee daktari kupita kiasi. Katika wilaya ya Bondo ya wakati huo, watafiti waliwapa wanafunzi wa shule za msingi dawa ya kuzuia malaria mara moja kila muhula. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba upungufu wa damu ulipungua kwa karibu nusu, na watoto waliweza kutulia na kuwa makini kwa muda mrefu zaidi darasani. Alama zao za mitihani, hata hivyo, hazikupanda katika kipindi hicho. Kule Busia, mradi wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo ulioanza mwaka 1998 ulipunguza sana utoro, lakini alama nazo hazikubadilika.

Je, dawa hizo zilikuwa bure? La hasha. Mtoto mwenye afya anaketi darasani akiwa macho. Lakini akiketi macho mbele ya somo asilolielewa, hatalielewa kwa sababu tu minyoo imetoka.

Sehemu ya pili ya jibu ilionekana karibu nasi zaidi, katika wilaya za Bungoma na Butere-Mumias, mwaka 2005. Madarasa ya kwanza yalikuwa na zaidi ya wanafunzi 80 kwa wastani. Shule 121 zilipata mwalimu mmoja wa ziada wa darasa la kwanza, zikagawanya darasa mara mbili. Katika nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa kura. Katika nusu nyingine waligawanywa kulingana na kiwango chao. Watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walipowapima baada ya mwaka mmoja na nusu, waliona kwamba pale watoto walipogawanywa kwa kiwango, wote walifanya vizuri zaidi, walioanza nyuma na walioanza mbele. Walioanza nyuma walifaidi hasa katika hesabu za msingi kabisa, kwa kuwa mwalimu wao alipata nafasi ya kuzifundisha. Mwaka mmoja baada ya mradi kwisha, faida hiyo ilikuwa bado ipo.

Funzo lake, mzazi, si kwamba mtoto atengwe na wenzake. Ni kwamba afundishwe pale alipo, si pale silabasi ilipofika.

TAFUTA PALE ALIPOACHWA

Huhitaji shahada kufanya kazi hii. Chukua maharagwe 20, karatasi na kalamu.

Mtoto wa miaka 5 au 6: Mwambie akuhesabie maharagwe 8. Akimaliza, muulize, "Ni mangapi?" Mtoto anayelazimika kuanza upya kuhesabu bado hajajua kwamba neno la mwisho ndilo jumla. Muulize pia, kati ya 5 na 8, ipi ni kubwa.

Mtoto wa miaka 7: Mpe 6 na 3. Anayeanza kuhesabu kutoka 1 yuko nyuma kidogo ya anayesema "sita... saba, nane, tisa". Ficha maharagwe 4 kati ya 10 umuulize umeficha mangapi.

Mtoto wa miaka 8 au 9: Mpe 52 toa 17. Akiandika 45, usimwekee mkasi tu. Tazama alivyofika hapo. Ametoa 2 kutoka 7, kwa kuwa 7 ndiyo kubwa, kisha 1 kutoka 5. Si uzembe huo. Amefuata kanuni yake mwenyewe, nayo inakuonyesha kwamba hajaelewa kumi ni nini ndani ya namba. Hapo ndipo pa kuanzia, hata kama darasani wameshafika kwenye kugawanya.

Niliwahi kuletewa mvulana wa miaka 9 ambaye katika muhula mmoja alikuwa ametibiwa taifodi mara tatu. Macho, masikio na damu vilikuwa sawa. Nilimpa hesabu hiyo ya 52 toa 17, akaandika 45 huku mkono ukitetemeka. Mamake huuza nyanya na vitunguu sokoni, na mvulana humsaidia siku za Jumamosi. Nilimuuliza, "Mteja akikupa shilingi 100 kwa mboga za 65, unamrudishia ngapi?" Alijibu 35 hata kabla sijafunga mdomo. Mama alinitazama, akamtazama mwanawe, akanyamaza.

Jambo hili linajulikana. Mwaka 1985 watafiti waliochunguza watoto wauzaji wa mitaani mjini Recife, Brazil, walichapisha kwamba watoto hao walijibu sawasawa karibu maswali yote walipoulizwa kama wateja, lakini hesabu zilezile zilipoandikwa kwenye karatasi bila hadithi yoyote walipata zaidi kidogo ya theluthi moja. Akili ilikuwapo. Kilichokosekana ni daraja kati ya soko na daftari.

Yule mvulana hakugeuka wa kwanza darasani. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa bado katika nusu ya chini. Lakini alikuwa anatoa kwa kukopa bila kusaidiwa, na tumbo lilikuwa limeacha kuuma.

DAKIKA KUMI KILA JIONI

Mama yake alifanya nini? Aliyafanya haya, nawe unaweza.

Mosi, dakika 10 kila jioni, si saa mbili Jumapili. Akili ya mtoto hushika kidogo kidogo na kwa kurudia.

Pili, anza na vitu vya kushika. Funga vijiti kumi kumi kwa uzi. Namba 52 ni mafungu matano na vijiti viwili. Ukitaka kutoa 17 na vijiti havitoshi, fungua fungu moja. Mtoto akiona fungu likifunguliwa mara kadhaa, "kukopa" hakutakuwa tena uchawi wa mwalimu.

Tatu, baada ya vijiti, chora. Baada ya kuchora, andika tarakimu. Usiruke.

Nne, tumia lugha anayoielewa. Kiswahili humsaidia mtoto kwa njia moja nzuri: "kumi na tatu" inasema wazi kwamba kuna kumi na kuna tatu. "Thirteen" haisemi. Mweleze kwa Kiswahili au kwa Kiluhya, kisha mpe jina la Kiingereza atakalolihitaji shuleni.

Tano, mtume dukani. Mahindi gorogoro tatu ni pesa ngapi? Nauli ya watu wawili kutoka Khayega hadi mjini? Siku hizi tunalipa kila kitu kwa simu, na mtoto haoni tena chenji ikihesabiwa. Mpe noti na sarafu mara mojamoja.

Sita, mwone mwalimu mapema katika muhula, si siku ya matokeo. Usiende kulaumu. Mwonyeshe ulichogundua, umwombe ampe mtoto maswali ya kiwango chake huku akiendelea na wenzake. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 hufurahi mzazi anapomwambia mahali hasa pa kuanzia.

Kuhusu masomo ya ziada ya kulipia, jiulize swali moja: yanamfundisha kutoka pale alipoachwa, au yanarudia yaleyale ya darasani kwa sauti kubwa zaidi? Kumbuka pia kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo.

HOFU HUZIBA AKILI

Tunapopiga hesabu kichwani, tunatumia sehemu ndogo ya akili inayoshikilia mambo kwa muda mfupi. Hofu huingia palepale na kukalia nafasi. Mtoto anayewaza "nitachapwa" amebakiwa na nafasi finyu ya kuwaza 7 mara 8. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na sheria ya mwaka 2013 ikatilia mkazo. Nyumbani pia hakijawahi kumfundisha mtu kugawanya. Dhihaka hufanya kazi ileile ya kiboko.

Nawe mzazi, chunga ulimi wako. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015 uligundua kwamba wazazi wanaoziogopa hesabu, wanapowasaidia watoto wao mara kwa mara kazi ya nyumbani, huwaambukiza hofu hiyo, na watoto hao hujifunza kidogo zaidi. Usiseme, "Hata mimi hesabu zilinishinda, ni za ukoo wetu." Usimwambie msichana kwamba hesabu ni za wavulana. Ikiwa unahisi hasira inapanda, funga daftari, mwendelee kesho, au umwombe shangazi, mjomba au kaka mkubwa aliye mtulivu.

WACHACHE WENYE SHIDA YA NDANI ZAIDI

Wapo watoto wenye afya, wenye walimu wazuri na wazazi wavumilivu, ambao bado namba hazishikiki. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Ladislav Kosc wa Bratislava aliieleza hali hii, ambayo wataalamu huiita diskalkulia. Hukadiriwa kuwapata watoto 3 hadi 7 kati ya 100. Mtoto huyo anaweza kusoma vizuri, akasimulia hadithi tamu, lakini akiwa na miaka 9 bado anahesabu kwa vidole 4 na 3, na saa ya ukutani haimwelei. Si ugonjwa wa kutibiwa kwa vidonge, wala si laana. Anahitaji mbinu zilezile nilizozitaja, kwa muda mrefu zaidi na kwa mpangilio.

Ukiona miezi mitatu ya juhudi haijaleta mabadiliko, mwombe mwalimu mkuu akuelekeze kwenye kituo cha serikali cha kutathmini watoto wenye matatizo ya kujifunza. Vituo hivyo, maarufu kama EARC, vilianzishwa nchini mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark.

Usingoje miezi mitatu, lakini, ikiwa mtoto aliyekuwa akifanya vizuri ameshuka ghafla, ikiwa anaumwa kichwa na kutapika asubuhi, anaduwaa, au amekuwa mnyonge na hataki hata kucheza. Huyo mpeleke hospitalini wiki hii. Na umuulize kwa upole kama kuna anayemtesa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Jumamosi hii, kabla hujamtuma mwanao popote, mwekee maharagwe 20 mezani, mnong'oneze tarakimu tatu kutoka nyuma, na uangalie viganja vyake. Itakuchukua chini ya nusu saa.